David Shakow

David Shakow (New York, 2 Januari 1901 – 26 Februari 1981) alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani. Anajulikana kwa utafiti wake wa miaka mingi kuhusu ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, lakini zaidi kwa kuandaa utaratibu wa kuwafundisha wanasaikolojia tiba, yaani wale wanaowapima na kuwahudumia wagonjwa. Kamati aliyoiongoza mwaka 1947 ilipendekeza kwamba kila mwanagenzi wa fani hiyo afundishwe kama mwanasayansi na kama mhudumu kwa pamoja, na kwamba ajifunze hospitalini, si darasani tu, kujiuliza kama huduma anayoitoa inamsaidia mgonjwa. Pendekezo hilo lilipitishwa kwenye mkutano wa Boulder, Colorado, mwaka 1949, na likawa msingi wa mafunzo ya saikolojia tiba nchini Marekani na katika nchi nyingine nyingi.

Utoto na masomo

Shakow alizaliwa Lower East Side, mtaa wa New York uliojaa wahamiaji maskini, katika familia ya Wayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki. Karibu na kwao palikuwa na Madison House, mojawapo ya nyumba za huduma za jamii ambako vijana wa mtaa walikutana, wakasoma vitabu na kujadiliana. Huko alianza kusoma maandishi ya William James, mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, na pia ya Sigmund Freud na Carl Jung. Maandishi ya James ndiyo yaliyomvutia kwenda Harvard.

Alipata shahada ya kwanza mwaka 1924 na ya uzamili mwaka 1925. Harvard ya wakati huo ilikuwa mahali pa saikolojia ya maabara. Mwalimu aliyekuwa na sauti kubwa alikuwa Edwin Boring, mtu wa vipimo na majaribio, ambaye hakuwa na shauku kubwa na mambo ya hospitali. Shakow alizipenda pande zote mbili. Alipokuwa bado mwanafunzi alifanya kazi katika Hospitali ya Jimbo ya Worcester chini ya Grace Kent, mwanasaikolojia aliyejulikana kwa jaribio la kuhusisha maneno. Baadaye alijifunza pia chini ya Frederic Lyman Wells, mmoja wa wachache waliokuwa wakifanya saikolojia hospitalini kwa makini ya kisayansi.

Mwaka 1926 alimwoa Sophie Harap. Familia ilihitaji kula, na tasnifu yake ya uzamivu haikwenda vizuri. Alikuwa amechagua kuchunguza iwapo mtu huathiriwa na vitu asivyotambua kwamba ameviona, na majaribio yake hayakutoa jibu lililo wazi. Aliiacha tasnifu hiyo akatafuta kazi. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 41 na tayari ni mtu mwenye jina katika fani yake. Safari hiyo tasnifu ilihusu wagonjwa wa skizofrenia aliowajua kwa karibu.

Worcester

Mwaka 1928 Shakow aliajiriwa kuwa mkuu wa saikolojia katika Hospitali ya Worcester, jimbo la Massachusetts. Alikaa huko miaka 18. Karibu kila alichokuja kukipendekeza baadaye kuhusu mafunzo kilianzia katika wodi za hospitali hiyo, kwa hiyo inafaa kueleza mahali penyewe.

Hospitali ilifunguliwa mwaka 1833, na mganga mkuu wake wa kwanza, Samuel Woodward, alipata sifa kubwa kwa kutangaza kwamba zaidi ya 80% ya wagonjwa waliofikishwa kwake mapema walipona. Takwimu hizo zilisaidia kuyashawishi majimbo mengine kujenga hospitali zao. Miaka mingi baadaye daktari mwingine wa Massachusetts, Pliny Earle, alizipitia taarifa za hospitali mbalimbali, zikiwemo za Worcester, akaonyesha kasoro iliyojificha. Hospitali zilihesabu matukio ya kupona, hazikuhesabu watu waliopona. Mgonjwa aliyeruhusiwa, akaugua tena, akarudi na kuruhusiwa tena, alihesabiwa upya kila mara. Hoja ya Earle ilivunja matumaini ya wengi, na ikaanza kuaminika kwamba wagonjwa wa akili hawaponi kabisa. Ndipo mganga mkuu wa baadaye wa Worcester, John Park, alipoamua kuulizia kwa barua hali ya wale walioruhusiwa zama za Woodward. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya waliopatikana habari zao hawakuugua tena. Hesabu ya Woodward ilizidisha, lakini kukata tamaa kwa waliomfuata nako hakukuwa na msingi.

Kisa hicho ni mfano wa mapema wa kile ambacho leo huitwa tathmini ya huduma, na kinaonyesha ugumu wake. Ili kujua kama hospitali inasaidia, haitoshi kuhesabu wanaotoka mlangoni. Ni lazima kuamua nani anahesabiwa, nini kinaitwa kupona, na kumfuata mtu baada ya kuondoka.

Mwishoni mwa karne ya 19 Adolf Meyer, daktari mzaliwa wa Uswisi, alifika Worcester akaanza kuwafundisha madaktari vijana kuandika historia kamili ya kila mgonjwa. Mwaka 1925 mchungaji Anton Boisen, ambaye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, alianza hapo hapo kuwafundisha wanafunzi wa teolojia kwa kuwaweka wodini miongoni mwa wagonjwa. Mganga mkuu William Bryan aliunga mkono mambo mapya ya namna hiyo. Kwa hiyo Shakow alifika mahali ambapo kujifunza kazini kulikuwa kumeshazoeleka kwa madaktari na kwa wachungaji. Alichofanya ni kukufikisha kwa wanasaikolojia.

Kulikuwa pia na fedha. Tangu mwaka 1927 hospitali ilikuwa na mradi mkubwa wa utafiti wa skizofrenia ulioongozwa na Roy Hoskins, mtaalamu wa homoni, na kugharimiwa na familia ya McCormick, ambayo mmoja wa watu wake aliugua ugonjwa huo. Madaktari, wanakemia, wanatakwimu na wanasaikolojia walifanya kazi chini ya paa moja. Shakow aliongoza upande wa saikolojia, akiwa na wenzake kama Saul Rosenzweig na Eliot Rodnick.

Utafiti wa skizofrenia

Jaribio lililompa Shakow jina lilikuwa rahisi kulieleza. Mgonjwa huweka kidole juu ya kitufe. Anapewa ishara ya kujiandaa, kisha baada ya muda inakuja ishara ya pili, naye huinua kidole haraka awezavyo. Wakati mwingine muda kati ya ishara mbili huwa uleule kila mara, wakati mwingine hubadilikabadilika. Mtu asiye mgonjwa hufaidika anapojua muda huo ni uleule, kwa sababu anaweza kujiweka tayari. Mwaka 1940 Rodnick na Shakow walitangaza kwamba wagonjwa wa skizofrenia walipoteza faida hiyo muda ulipozidi sekunde chache. Hata pale walipoweza kujua ishara itakuja lini, hawakuweza kushikilia hali ya kuwa tayari.

Kutokana na matokeo hayo na mengine, Shakow alijenga nadharia yake kwamba mtu mwenye skizofrenia hushindwa kulishika jambo zima lililo mbele yake, akakamatwa na vipande vyake. Kinachomkwamisha huenda ni sauti ndogo pembeni, jambo lililopita dakika iliyotangulia, au sehemu isiyo na maana ya kazi aliyopewa. Aliendelea kuifafanua nadharia hiyo hadi miaka ya mwisho ya maisha yake.

Katika utafiti huo kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Kabla ya kusema kwamba mgonjwa hawezi kitu fulani, Shakow alitaka kujua kama mgonjwa alikuwa akijaribu. Vipimo vingi vya zamani vilionyesha kwamba akili za wagonjwa hao zimeharibika, lakini waliopima hawakujali kama mgonjwa alikuwa akisikiliza, alikuwa na hofu, au hakutaka tu kushirikiana. Shakow na wenzake walianza kuandika kwa kila kipimo kiwango cha ushirikiano wa mgonjwa na iwapo matokeo yanafanana na uwezo wake wa kawaida. Waliposhirikiana vizuri, tofauti kati ya baadhi ya wagonjwa na watu wengine ilipungua sana. Tahadhari hiyo ilitokana na kuwajua wagonjwa kwa majina. Asiyekaa wodini asingeifikiria.

Mwaka wa mafunzo tarajali

Katika miaka ya 1930 hapakuwa na njia moja ya kuwa mwanasaikolojia tiba nchini Marekani. Wengine walikuwa na shahada ya uzamivu bila kuwahi kukaa na mgonjwa hata mmoja. Wengine walijua kutoa vipimo vya akili kama fundi anavyojua chombo chake, bila kuweza kusema kipimo kina thamani gani. Hospitali ziliwachukulia kama wasaidizi wa madaktari, watu wa kuleta alama ya mtihani na kuondoka.

Shakow aliwapokea Worcester wanafunzi kutoka vyuo mbalimbali kwa mwaka mzima wa mafunzo tarajali. Walipewa chakula na malazi, walipima wagonjwa, walihudhuria vikao vya madaktari vya kujadili wagonjwa, na walishiriki katika utafiti uliokuwa ukiendelea. Mwaka 1938 aliandika makala kuhusu mwaka huo na malengo yake. La kwanza lilikuwa mwanagenzi azoee mbinu za kazi hadi zimkae mikononi. La pili, azame katika hali halisi ya ugonjwa wa akili, amwone mgonjwa asubuhi na jioni, akiwa mbaya na akiwa nafuu. La tatu, ajenge tabia ya kuchunguza bila upendeleo, hata anapochunguza kazi yake mwenyewe. La nne, ajue namna wanavyofikiri wenzake, yaani daktari, muuguzi na afisa ustawi wa jamii.

Lengo la tatu ndilo gumu zaidi, na Shakow alilijua hilo. Mwanagenzi anayempenda mgonjwa wake hutaka kuona nafuu. Msimamizi hutaka taarifa nzuri. Hospitali hutaka kuonekana inafaa. Kila mmoja ana sababu ya kutouliza sana. Kwa maoni ya Shakow, dawa haikuwa kumtenga mwanagenzi na wagonjwa ili abaki na usafi wa maabara. Alitaka awekwe karibu nao kabisa, huku akiwa na chombo cha kujipima na msimamizi anayemuuliza amejuaje.

Vita na wimbi la maveterani

Vita Kuu ya Pili vilibadilisha kila kitu. Mwaka 1946 hospitali za maveterani nchini Marekani zilikuwa na wagonjwa wapatao 74,000, na kati yao kama 44,000 walikuwa na matatizo ya akili au ya mishipa ya fahamu. Madaktari wa magonjwa ya akili hawakutosha hata kidogo. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya taifa ya afya ya akili, na serikali ikaanza kutoa fedha za kufundisha wataalamu. Idara ya Maveterani ilianza programu yake ya wanasaikolojia tiba msimu wa vuli wa 1946, ikiwa na wanagenzi wapatao 200 katika vyuo vikuu 22.

Fedha zilileta swali la haraka: chuo kipi kinafaa kufundisha, na kifundishe nini? Carl Rogers, aliyekuwa rais wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, alimwomba Shakow aongoze kamati ya kujibu swali hilo. Pamoja naye walikuwemo Ernest Hilgard, Lowell Kelly, Bertha Luckey, Nevitt Sanford na Laurance Shaffer. Shakow alikuwa amehamia Chicago mwaka 1946, kufundisha katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Illinois.

Taarifa ya kamati ilitolewa mwaka 1947. Ilipendekeza miaka minne ya masomo baada ya shahada ya kwanza. Mwaka wa kwanza ungekuwa wa misingi ya saikolojia, wa pili wa vipimo na mazoezi madogo kliniki, wa tatu wa mafunzo tarajali hospitalini, na wa nne wa kukamilisha tasnifu. Mwanafunzi angesoma saikolojia ya jumla, mienendo ya nafsi, mbinu za uchunguzi wa mgonjwa, tiba, njia za utafiti na fani jirani kama tiba na ustawi wa jamii. Kamati ilikataa kuandika orodha ya kozi za lazima; ilitoa kanuni na kuviachia vyuo uhuru.

Mpangilio wa miaka ya tatu na ya nne ulikuwa na maana kubwa kuliko unavyoonekana. Shakow alitaka mwanafunzi aende hospitalini kwanza, kisha arudi chuoni kuandika tasnifu, ili swali la utafiti litokane na alichokiona kwa wagonjwa. Mwanafunzi akiandika kwanza, atachukua swali kutoka kwenye vitabu vya mwalimu wake. Vyuo vingi baadaye vilipindua utaratibu huo na kuyaweka mafunzo tarajali mwishoni, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuwapanga wanafunzi hivyo. Shakow hakufurahishwa.

Boulder

Mwaka 1949 watu zaidi ya 70, wengi wao walimu wa vyuo na wakuu wa idara za hospitali, walikutana kwa wiki mbili katika Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder. Walijadili taarifa ya Shakow kipengele kwa kipengele. Wapo walioogopa kwamba saikolojia itapoteza sayansi yake kwa kukimbilia hospitali. Wapo walioona kuwa mtu mmoja hawezi kuwa mtafiti mzuri na mhudumu mzuri. Mwishowe waliridhia kwamba mwanasaikolojia tiba afundishwe yote mawili. Taarifa ya mkutano, iliyohaririwa na Victor Raimy, ilichapishwa mwaka 1950, na kielelezo cha mwanasayansi-mtendaji kikaitwa kwa jina la mji huo.

Hoja yenye nguvu zaidi ya waliokutana Boulder ilikuwa ujinga wao wenyewe. Walikiri kwamba elimu ya kutibu magonjwa ya akili bado ilikuwa changa mno kuweza kufundishwa kama mambo yaliyokwisha thibitishwa. Ikiwa hivyo, kumfundisha mtu mbinu bila kumfundisha kuzipima ni kumfungia katika makosa ya walimu wake. Haikuwa hofu ya kubuni. Mwaka uleule wa 1949 Egas Moniz wa Ureno alipewa Tuzo ya Nobel kwa upasuaji wa kukata nyuzi za ubongo, ambao maelfu ya wagonjwa wa Marekani walifanyiwa huku wengi wao wakifuatiliwa ovyo, au wasifuatiliwe kabisa.

Wanagenzi wenyewe nao walipimwa. Lowell Kelly na Donald Fiske waliwafanyia wanafunzi wa programu ya maveterani vipimo na mahojiano ya siku nyingi ili kuona nani atafaulu kazini. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1951 yaliwaaibisha wataalamu kidogo: vipimo vya haiba na mahojiano marefu vilibashiri vibaya, na mara nyingi havikuongeza kitu juu ya kile kilichojulikana kutokana na faili la mwanafunzi na mitihani michache ya kuandika.

Mwaka 1952 Hans Eysenck wa London alidai kwamba takwimu zilizokuwepo hazikuonyesha kuwa tiba ya mazungumzo inamfaa mgonjwa kuliko kuachwa bila tiba hiyo. Hesabu zake zilipingwa vikali, lakini mabishano hayo yalichochea tafiti nyingi za matokeo ya tiba. Eysenck na Shakow walitofautiana kuhusu mafunzo. Kwa Eysenck, mwanasaikolojia alipaswa kubaki mtafiti na mpimaji, asifundishwe tiba. Kwa Shakow, mtu asiyewahi kubeba wajibu wa kumsaidia mgonjwa hawezi kuuliza maswali yanayofaa kuhusu msaada huo.

Bethesda

Mwaka 1954 Shakow aliitwa kuanzisha maabara ya saikolojia katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili huko Bethesda, jimbo la Maryland, akaiongoza hadi alipostaafu mwaka 1966. Maabara hiyo ilikuwa na watafiti wa fani nyingi. Mmoja wao, David Rosenthal, alihariri kitabu kilichotoka mwaka 1963 kuhusu mabinti wanne waliozaliwa pacha na ambao wote waliugua skizofrenia.

Mradi ambao Shakow mwenyewe aliupenda ulikuwa wa kurekodi kwa filamu na sauti tiba nzima ya saikolojia changanuzi, ile ya Freud, tangu mwanzo hadi mwisho. Alivutiwa na Freud tangu ujana, na mwaka 1964 aliandika pamoja na David Rapaport kitabu kuhusu athari yake katika saikolojia ya Marekani. Hata hivyo hakuridhika kwamba ushahidi wa tiba hiyo ulikuwa kumbukumbu za mganga peke yake, zilizoandikwa baada ya kikao na kuchujwa na matarajio yake. Rogers alikuwa amekwisha kurekodi vikao kwa sauti miaka ya 1940. Shakow alitaka zaidi, uso na mwili pia. Vikao mamia vilirekodiwa. Kisha ikadhihirika kwamba hakuna aliyekuwa na njia ya kuchambua lundo kubwa namna hiyo, na mradi haukuzaa matunda yaliyotarajiwa. Ni mojawapo ya sehemu za kazi yake ambazo hazikufanikiwa, ingawa kutazama rekodi za vikao ni jambo la kawaida leo katika kuwasimamia wanagenzi.

Lawama na mabadiliko

Kielelezo cha Boulder kilishutumiwa mapema. Wahitimu walipofuatiliwa, ilibainika kwamba wengi walikwenda kutoa huduma na hawakuchapisha utafiti wowote baada ya tasnifu. Idadi ya machapisho iliyoonekana mara nyingi zaidi ilikuwa sifuri. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Illinois kilianzisha shahada ya uzamivu ya kitaaluma isiyotilia mkazo utafiti, na mwaka 1973 mkutano mwingine huko Vail, pia Colorado, uliidhinisha njia hiyo.

Baadhi ya lawama zilitokana na kumsoma Shakow vibaya. Kuhesabu makala zilizochapishwa ni kipimo chembamba cha tabia aliyoikusudia. Lakini lawama nyingine inabaki: yeye na wenzake waliacha swali la kila siku la hospitali, kama huduma hii hapa inafanya kazi, likae chini ya kivuli cha utafiti mkubwa wa kutafuta ujuzi mpya. Mwanagenzi alifundishwa takwimu za majaribio ya maabara, kisha akapelekwa kliniki ambako hakuna maabara.

Pengo hilo lilizibwa kwa njia mbalimbali baadaye. Nchini Uingereza, ambako wanagenzi wa saikolojia tiba huajiriwa na huduma ya afya ya taifa kwa miaka mitatu na kuhitimu kwa shahada ya uzamivu, kozi nyingi humtaka kila mmoja afanye tathmini ya huduma mahali anapofanyia mazoezi, mbali na tasnifu yake. Swali lake huwa dogo na la mahali hapo. Je, watu husubiri muda gani kabla ya kikao cha kwanza? Nani huacha kuja, na baada ya vikao vingapi? Je, wanaomaliza wanajisikia nafuu kwa kipimo kilekile walichojaza siku ya kwanza? Kazi hiyo hutofautishwa na ukaguzi, ambao hulinganisha huduma na kiwango kilichowekwa, na pia na utafiti, ambao hutafuta jambo litakalokuwa kweli hata kwingineko. Mwanagenzi hutakiwa kurudisha majibu kwa wahudumu wenyewe, na hapo ndipo ugumu alioujua Shakow hurudi, maana si kila timu hupenda kusikia kwamba theluthi ya wagonjwa wake hawarudi.

Miaka ya mwisho

Baada ya kustaafu uongozi Shakow aliendelea kufanya kazi katika taasisi ya Bethesda kama mtafiti mwandamizi. Mwaka 1969 alikusanya maandishi yake ya miaka 40 kuhusu saikolojia tiba kama sayansi na kama taaluma katika kitabu kimoja, na mwaka 1979 alichapisha kitabu cha mwisho kuhusu nadharia yake ya skizofrenia. Chama cha wanasaikolojia kilimpa tuzo ya mchango wa kisayansi mwaka 1975 na tuzo ya mchango wa kitaaluma mwaka 1976, heshima mbili ambazo kwa kawaida huenda kwa watu wawili tofauti.

Alifariki tarehe 26 Februari 1981. Karatasi zake zimehifadhiwa katika nyaraka za historia ya saikolojia ya Marekani kwenye Chuo Kikuu cha Akron, jimbo la Ohio. Tuzo yenye jina lake hutolewa kwa wanasaikolojia tiba walio mwanzoni mwa kazi.